Fahamu: Kwa nini paka aliyeshiba bado huwinda ndege

Katika nyumba nyingi za Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, paka ana kazi yake: kulinda mpunga dhidi ya panya. Lakini hachagui windo. Kwera wanaofuma viota kwenye ncha za makuti ya michikichi wana nafuu; walio hatarini zaidi ni tetere wanaodonoa punje uani, na makinda waliotoka kiotani kabla hawajaweza kuruka vizuri.

Kumshibisha tu hakumwondolei silika. Ametokana na paka pori wa Afrika, mwindaji wa kuvizia peke yake. Hata ndege anayeponyoka na jeraha dogo mara nyingi hufa kwa bakteria wa mdomoni mwa paka.

Marekani, utafiti wa 2013 ulikadiria kuwa paka huua ndege bilioni 1.3 hadi 4 kwa mwaka, wengi wakiuawa na paka wasiofugwa.

Hakuna haja ya kumfukuza paka wako. Utafiti wa Uingereza wa 2021 ulionyesha kuwa chakula chenye nyama nyingi kilipunguza mawindo yanayoletwa nyumbani kwa asilimia 36, na kucheza naye dakika 5 hadi 10 kila siku kwa asilimia 25. Kyela ningeanza na usipa wa ziwani badala ya ugali mtupu. Makinda wakionekana uani, mfungie paka ndani siku chache mpaka waruke.