Steven Kanumba: Jina la Kiingereza, Maneno ya Kiswahili

Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga, Tanzania, mwaka 1984. Alianza kujulikana akiwa na Kaole Sanaa Group, kundi lililoigiza michezo ya Kiswahili katika televisheni ya ITV. Kutoka hapo aliingia kwenye filamu za Bongo, akawa mwigizaji, mwongozaji na mtayarishaji. Alipofariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012, alikuwa na miaka 28 tu.

Kwa mwanaisimu, filamu zake zina jambo la kutazamwa. Nyingi zina majina ya Kiingereza: Uncle JJ, Big Daddy, Devil's Kingdom. Lakini wahusika wanazungumza Kiswahili, huku tafsiri ya Kiingereza ikipita chini ya picha. Kanumba alitafuta soko la nje, hasa Nigeria: aliigiza na Mercy Johnson katika Dar 2 Lagos, kisha na Ramsey Nouah katika Devil's Kingdom mwaka 2011. Njia hiyo ilikuwa na gharama. Alipoalikwa katika nyumba ya Big Brother Africa mwaka 2009, baadhi ya Watanzania wenzake walikicheka Kiingereza chake.

Hata hivyo, kilichomfikisha hapa Kavumu si Kiingereza. Mtu ambaye hajawahi kuvuka Ziwa Tanganyika aliifuata hadithi mpaka mwisho bila mkalimani, wala hakuhitaji kusoma yale maandishi ya chini. Kiswahili kilivuka mpaka chenyewe.

Lakini nasi tulianza kucheka. Watoto tulioigiza maneno ya Kanumba tulisema "watoto wanacheza", kisha tukawacheka wazee waliosema "batoto banacheza". Kumbe hakuna kosa hapo. Kiambishi ba- ni cha ngeli ya 2, kama katika "abana" ya Kimashi, na upatanisho wake katika kitenzi umekamilika: ba-toto ba-nacheza. Ni kanuni ileile ya wa-, kwa umbo lingine.

Aliyechekwa kwa Kiingereza chake akawa, bila kutaka, kipimo cha kuchekea Kiswahili chetu. Kazi yake inatufundisha kwamba msanii hufika mbali kwa lugha anayoimiliki. Siku filamu ya Kivu itakapotengenezwa, wahusika wake waruhusiwe kusema "batoto". Sisi wa kitivo hiki tuwe wa kwanza kueleza kwa nini wako sahihi.