Kuyeyuka na Kubadilika

Katika mazoezi ya kufundisha, mara nyingine tumesikia wanafunzi wakiambiwa kuwa chumvi ikitiwa majini "hugeuka maji". Kosa hili likiachwa, hawataelewa badiliko la kikemia. Tufanye majaribio mawili.

Kwanza, tuyeyushe chumvi majini, kisha tuanike mmumunyo huo juani katika sahani. Maji yakikauka, chumvi itabaki ile ile.

Pili, tukoroge chokaa mpya ya kupaka nyumba katika maji, tuiache ituame usiku kucha, kisha tumimine polepole maji maangavu ya juu. Mwalimu mwenyewe apulize pumzi kwa mrija. Asivute, kwani chokaa hudhuru kinywa na macho. Maji yatakuwa meupe kama maziwa. Kaboni dayoksaidi ya pumzi imeungana na chokaa iliyoyeyuka, ikatokea kabonati ya kalisi, kitu kipya ambacho ni vigumu kuyeyuka majini. Hapo tukome, tukizidi kupuliza, weupe utatoweka.

Kabla ya kueleza, tuwaulize wanafunzi: kipi kimerudi, na kipi ni kipya? Asiyeweza kujibu bado hajafundishwa.