Crossmaglen: Klabu Iliyoporwa Uwanja

Crossmaglen ni kijiji cha kusini mwa kaunti ya Armagh, Ayalandi ya Kaskazini, karibu na mpaka. Klabu yake ya kandanda ya Kigaeli, Crossmaglen Rangers, iliasisiwa mnamo 1887, miaka 3 tu baada ya chama kinachosimamia mchezo huo kuundwa mjini Thurles. Wachezaji ni 15 kila upande. Huudaka mpira kwa mikono, huupiga kwa miguu, na hawalipwi mshahara.

Katika miaka ya 1970, jeshi la Uingereza, ambalo kambi yake ilipakana na uwanja, lilitwaa sehemu ya ardhi ya klabu. Helikopta zikawa zikitua na kupaa papo hapo gozi lilipogombewa. Klabu ililalamika miaka nenda miaka rudi, wala haikuhama. Chama nacho kiliwakataza wanajeshi na polisi wa Uingereza kujiunga nacho hadi 2001.

Ajabu ni kwamba fanaka ilikuja jeshi lingali jirani. Chini ya kocha Joe Kernan, Crossmaglen ilitwaa ubingwa wa klabu za Ayalandi nzima 1997, 1999 na 2000. Taji la nne lilipatikana 2007, mwaka ule ule operesheni ya jeshi hilo ilipokomeshwa. La tano na la sita yakafuata 2011 na 2012.