Lori linalotoa maji badala ya moshi

Lori la Fuso lenye shehena likipanda kutoka Baraka kwenda Fizi, huku kwetu Kivu Kusini, moshi wake hubaki njiani hata baada ya lenyewe kupotelea kwenye kona. Ubaya wa moshi huo si weusi wake tu. Juni 2012, kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kiliuingiza moshi wa injini za mazutu (dizeli) katika kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Masizi yake ni madogo kiasi cha kufika vilindi vya mapafu, na wanaoyavuta zaidi ni wanaoshinda karibu na eksozi: dereva, fundi wa gereji, mama anayeuza ndizi kando ya barabara.

Lori la haidrojeni halina moshi kwa sababu halichomi kitu. Kifaa chake, seli ya haidrojeni, si kipya. William Grove wa Wales alionyesha kanuni yake mwaka 1839. Gesi ya haidrojeni huingia upande mmoja, hewa upande wa pili, na katikati pana utando mwembamba wenye platinamu. Platinamu huichambua haidrojeni: protoni hupenya utando, elektroni hunyimwa njia na kulazimika kuzunguka kwenye waya. Mwendo huo wa elektroni ndio umeme unaozungusha mota. Protoni na elektroni zikikutana tena, pamoja na oksijeni, upande wa pili, hutoka maji.

Uswisi imeyatumia malori hayo ya Hyundai tangu 2020. Kila moja hubeba takribani kilo 32 za gesi na kwenda kama kilomita 400. Hiyo ni Uvira hadi Baraka, kwenda na kurudi mara mbili, kwa tangi moja linalojazwa kwa dakika chache.

Tatizo ni gesi yenyewe. Nyingi duniani hutengenezwa kwa gesi asilia na makaa ya mawe, yaani moshi umehamishiwa kwa jirani. Ukiitoa kwenye maji kwa umeme, kilo moja hula zaidi ya kilowati-saa 50, na mpaka umeme huo ufike kwenye magurudumu haibaki hata theluthi yake. Betri hupoteza kidogo kuliko hivyo. Ndiyo maana mabasi ya kampuni ya BasiGo jijini Nairobi yanatumia betri, na kwa safari fupi naona wamechagua vema.

Umeme wetu utoke wapi? Kenya huchimba mvuke wa ardhini huko Olkaria, katika Bonde la Ufa. Na sisi tumo katika tawi la magharibi la bonde hilo: chini ya Ziwa Tanganyika, kwenye Rasi ya Banza huko Ubwari, wanasayansi wamepima maji moto ya nyuzi 66 hadi 103. Kama joto hilo lingezaa umeme, mimi ningeanza na friji za chanjo, malori yangengoja.

Isitoshe, seli huvuta hewa, na hewa chafu huidhoofisha. Salfa huiharibu platinamu. Barabara yetu ya Uvira na Baraka, RN5, sehemu kubwa haina lami, na vumbi lake la kiangazi lingeziba vichujio haraka. Kwa sasa kilicho mikononi mwetu ni kuhudumia pampu na noseli za Fuso tulizonazo, na kuzima injini wakati wa kupakia mzigo sokoni.