Sura ya Tano: Kujijali na Kudhulumu

Falsafa ya maadili, yaani elimu inayochunguza namna mtu anavyopaswa kuishi, ina swali moja ambalo kila mtafuta riziki hukutana nalo hata kama hajawahi kufungua kitabu: je, anayetaka kuishi vizuri hana budi kuwa mbinafsi mbele ya wenzake? Wako wanaojibu kwa haraka kwamba ndivyo ilivyo, kwa kuwa kila aliyefika mbali alipita juu ya migongo ya wengine, na wako wanaokemea kila jitihada ya mtu kujiinua kana kwamba umaskini ni ushahidi wa wema. Sura hii inashikilia kwamba pande zote mbili huchanganya mambo mawili ambayo hayana budi kutenganishwa, yaani kujijali na kudhulumu, na inalifuatilia jambo hilo katika mji wa Kisangani, kwenye kingo za mto Kongo, kwa sababu historia ya mji huo imeyaweka mambo hayo mawili bega kwa bega.

Ubinafsi, kwa maana inayotumika hapa, ni tabia ya mtu kutanguliza faida yake hata pale anapojua kwamba haki ya mwingine itavunjwa, ilhali kujijali ni kuitunza afya, kazi, akiba na heshima yako ili uweze kusimama mwenyewe. Mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, Aristotle, katika kitabu cha tisa cha Maadili ya Nikomako, aliwatofautisha watu wanaojipenda kwa kugombea mali, vyeo na anasa, ambavyo mmoja akivizoa mwingine hukosa, na wale wanaojipenda kwa kutaka nafsi zao ziwe na tabia njema, jambo ambalo halimpunguzii mtu yeyote chochote. Zaidi ya miaka elfu mbili baadaye, mwaka 1964, mwandishi Ayn Rand alitoa nchini Marekani kitabu kilichoutangaza ubinafsi kuwa fadhila, lakini hata yeye hakukubali mtu aishi kwa kuwatoa wengine kafara. Kasoro yake iko kwingine, katika kumchora mwanadamu kana kwamba anaanza na mikono yake mitupu, bila kudaiwa na aliyemlea, aliyemfundisha wala aliyemwamini.

Pingamizi zito dhidi ya msimamo wa sura hii linatoka Kisangani kwenyewe. Mwaka 1887 Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji ilimteua Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa Zanzibar aliyejulikana kama Tippu Tip, kuwa liwali wa eneo la Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, na mtu huyo, aliyekusanya utajiri kwa pembe za ndovu na kwa watumwa, alirudi Unguja, akaishi kama tajiri mwenye mashamba hadi alipofariki mwaka 1905, akiacha nyuma habari za maisha yake alizoziandika mwenyewe kwa Kiswahili. Anayeutetea ubinafsi anaweza kuuliza ni wapi basi dhuluma ilimharibia maisha mtu huyo. Jibu la kwanza ni kwamba hata biashara hiyo ya mabavu ilisimama juu ya uaminifu, maana misafara ilihitaji bidhaa za mkopo kutoka kwa matajiri wa pwani kama Taria Topan, ambao walitoa mali leo wakingojea pembe baada ya miaka, na bila neno la mtu kuaminika hakuna msafara ambao ungeondoka pwani. Dhuluma, kwa hiyo, haijitegemei, bali hujilisha kwa uaminifu uliojengwa na wengine. Jibu la pili ni zito zaidi: vijiji vilivyochomwa moto katika biashara hiyo ni sehemu ya maisha hayo, havikukaa nje yake, na kuyaita mema kwa sababu tu mwenyewe alizeeka kwa raha ni kuwafuta katika hesabu watu wote waliolipa gharama ya raha hiyo.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na wakati wetu. Tarehe 30 Novemba 1973 rais Mobutu wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, alitangaza hatua iliyokuja kuitwa zairianisheni, ambayo kwayo mashamba na biashara za wageni zilikabidhiwa kwa raia wa Zaire. Dai lililokuwa nyuma ya hatua hiyo lilikuwa la haki kabisa, kwani utawala wa Wabelgiji ulikuwa umewafungia Waafrika milango ya biashara kubwa, na huko Kisangani maduka makubwa yalikuwa mikononi mwa Wagiriki, Wareno na Wahindi. Lakini mali nyingi zilikwenda kwa watu waliokuwa karibu na madaraka, na wengi wao waliuza bidhaa zilizokuwa kwenye rafu, wakaweka fedha mfukoni, wasiagize nyingine. Msambazaji asipolipwa hukata mkopo, duka lisipopata mzigo huwafukuza wafanyakazi, na mwananchi wa kawaida, ambaye kwa jina lake jambo lote lilifanywa, huishia kutafuta chumvi na nguo kwa bei isiyoshikika. Kufikia mwaka 1976 serikali ilikuwa imeanza kuwarudishia wageni sehemu ya biashara hizo. Waliopewa maduka hayo hawakukosea kwa kutaka kuishi vizuri, maana nani hataki? Walikosea kwa kula mali ambayo riziki ya wengi iliitegemea, bila kuongeza kitu juu yake.

Katika mji huohuo, katika miaka hiyohiyo, walikuwapo matajiri wa namna nyingine. Mwanaanthropolojia Janet MacGaffey, yaani mtaalamu wa maisha na desturi za jamii, alifanya utafiti Kisangani na mwaka 1987 akatoa kitabu kuhusu wafanyabiashara wazalendo, wakiwemo wanawake, waliojenga mali bila kutegemea cheo cha serikali, wakairudisha faida katika malori, mashamba na maduka, na akawapambanua na tabaka lililoishi kwa kunyonya dola. Miongoni mwa wafanyabiashara hao walikuwamo Wanande, ambao mtandao wao uliunganisha mashamba ya milima ya Kivu na soko la Kisangani kwa maharagwe na mboga. Watu hawa walitaka faida, tena waliitaka sana, lakini walipofaidika, mkulima wa mlimani naye aliuza na mlaji wa mjini naye alikula.

Mpangilio wa namna hiyo huonekana kwa macho kwenye maporomoko ya Wagenia, ya mwisho katika maporomoko saba ya Boyoma yanayoanzia upande wa Ubundu. Wavuvi wa jamii ya Wagenia husimika nguzo ndefu katika mashimo yaliyotobolewa na maji kwenye miamba, huzifunga kwa kamba za mwituni mpaka ziwe jukwaa linalohimili mkondo, kisha huning'iniza humo migono mikubwa yenye umbo la pia, midomo ikikabili maji yanakotoka, ili samaki aliyesukumwa ndani ashindwe kurudi nyuma kwa kasi ya maji yenyewe. Hakuna awezaye kusimika nguzo hizo peke yake, na bado mto huo si wa kila mmoja kujichotea apendavyo, kwa sababu mahali pa kutegea pana wenyewe na haki hiyo hurithiwa katika familia na koo. Mwaka 1968 mwanaikolojia Garrett Hardin alidai kwamba mali inayotumiwa na wengi huelekea kuangamia kwa kuwa kila mtu huvuta kwake. Elinor Ostrom, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwa mifano ya wavuvi, wafugaji na wakulima wa umwagiliaji kwamba watu wanaojuana na kujiwekea kanuni huweza kuitunza mali hiyo kwa vizazi. Wagenia hawakuacha kutaka samaki wao. Walichofanya ni kukubaliana kila mmoja anyooshe mkono hadi wapi.

Ugumu wa kweli, hata hivyo, hauko kwa jirani bali nyumbani. Mama anayeuza mawese sokoni Kisangani, akiwa na mtaji wa madumu machache, hufikiwa na shemeji mwenye mtoto anayedaiwa ada, na pia mjomba mgonjwa, na akimpa kila mmoja anachoomba, wiki ijayo hatakuwa na dumu la kuuza wala senti ya kumsaidia mtu. Kukataa kwake si ubinafsi, lakini kukataa kavukavu huumiza, na ndiyo sababu likelemba, yaani kundi la watu wanaochangishana kiasi sawa na kumpa mmoja wao fungu lote kwa zamu, lina maana inayozidi akiba. Wachumi Siwan Anderson na Jean-Marie Baland, katika utafiti wao wa Kibera, Nairobi, uliochapishwa mwaka 2002, waliona kwamba wanawake wengi hujiunga na makundi ya aina hiyo ili kuziweka fedha mbali na mikono ya waume zao. Mama wa mawese naye humwambia shemeji, bila uongo na bila kumvunjia heshima, kwamba fedha ziko kwenye likelemba na zamu yake haijafika: amejilinda kwa kujifunga kwa wengine. Anayepokea wa kwanza huwa amekopeshwa na wenzake wote bila riba, anayepokea wa mwisho huwa amewakopesha wote, na kwa kuwa wa kwanza anaweza kutoweka na fungu, makundi mengi humweka mgeni mwishoni, mpaka amalize mzunguko mmoja na kujulikana.