Desemba ya Kwanza Ujerumani: Giza, Ukimya na Familia Inayokupokea

Kila mwaka vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania huenda Ujerumani kuishi na familia za huko. Wengi huenda kama au pair: hutunza watoto wa nyumba ile, hupewa chumba, chakula na posho, huku wakijifunza Kijerumani. Wakiulizia Desemba, huulizia koti na buti. Wanunue, ndiyo, lakini nyumba za Ujerumani zina joto la kutosha. Kinachowalemea wengi ni giza na ukimya, na zaidi ya hapo, kwamba huvichukua vyote viwili kuwa dalili za kutotakiwa.

Nianze na giza, kwa sababu hilo ni suala la mwili. Aliyekulia Nairobi au Mwanza amezoea mchana wa takriban saa 12 mwaka mzima. Berlin, tarehe 21 Desemba, jua huchomoza kama saa mbili na robo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Mchana wote hautimizi saa nane, na mara nyingi mawingu hulifunika hata jua hilo dogo. Mwanga wa asubuhi ndio unaouambia ubongo upunguze melatonini, homoni ya usiku. Mwanga ukipungua, saa ya mwili huchelewa: mtu huamka mzito, hutamani wanga na sukari, hulia bila kujua sababu. Daktari wa akili Norman Rosenthal na wenzake waliieleza hali hii kitaalamu mwaka 1984, na huwapata hata wenyeji wa nchi zenye baridi, si wageni tu.

Kwa hiyo toka nje kila siku kabla ya adhuhuri, walau nusu saa, hata kama kumetanda mawingu. Mwanga wa nje chini ya mawingu huishinda taa ya sebuleni mara nyingi. Muulize daktari pia kuhusu vitamini D. Katika latitudo hiyo, jua la kuanzia Oktoba hadi Machi liko chini mno kuiwezesha ngozi kuitengeneza ya kutosha, na ngozi nyeusi huhitaji mwanga zaidi kuliko nyeupe.

Ukimya ni mgumu zaidi kuuelewa. Kwetu Desemba ni msafara: mabasi ya Moshi hujaa, Wakenya huenda ushago, milango hukaa wazi na sufuria ya pilau haiulizi nani amealikwa. Ujerumani Krismasi huenda ndani na kufunga mlango. Kilele chake ni jioni ya tarehe 24. Maduka hufungwa mchana wa siku hiyo na kubaki hivyo tarehe 25 na 26, barabara huwa tupu, na jirani habishi hodi. Chakula cha mkesha katika nyumba nyingi ni saladi ya viazi na soseji. Bata bukini na kabichi jekundu husubiri kesho yake. Zawadi hufunguliwa jioni ile ile, mara nyingi moja baada ya nyingine, wote wakitazama. Mgeni aliyetarajia shangwe huona kama msiba. Kumbe kuketi katika duara lile dogo ni heshima kubwa, maana jioni hiyo hata marafiki wa karibu wa familia huwa hawaalikwi.

Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, aliyeieneza dhana ya mshtuko wa utamaduni katika miaka ya 1950, alisema chanzo chake ni kupotelewa na ishara ndogo ndogo tunazoziishi bila kuzifikiria. Desemba ishara hizo hupotea kwa mpigo. Mwenyeji anafungua madirisha yote kwenye baridi kali kwa dakika kadhaa. Mgeni hudhani chumba chake kinanuka, kumbe kila nyumba hupitisha hewa hivyo ili ukuta usiote ukungu. Mama mwenye nyumba anataka aitwe kwa jina lake tupu, na kijana aliyelelewa kwa shikamoo huhisi ananyimwa mama. Tafadhali uliza. Wajerumani huheshimu swali la moja kwa moja, na jibu lao litakuwa la moja kwa moja vilevile.

Usingoje mkesha ndipo uingie katika sherehe. Mlango wake ni Majilio, majuma manne ya kuwasha mshumaa mmoja mmoja na kuoka biskuti. Ingia jikoni. Unga ule hutiwa mdalasini, iliki na karafuu, harufu ambazo mtoto wa Unguja au Tanga anazijua tangu utotoni, na ukikanda pamoja na watoto hutahitaji Kijerumani kingi. Kijana Mwislamu aseme mapema kuhusu nguruwe na pombe, kwa kuwa soseji nyingi na mvinyo wa moto wa masoko ya Krismasi vina kimoja au kingine. Aeleze pia kwamba Adhuhuri, Alasiri na Magharibi hukaribiana sana majira hayo, ili anapoondoka mezani asidhaniwe kuwa amekasirika.

Likizo haifuti kanuni. Shule zikifungwa watoto hushinda nyumbani, lakini kazi ya au pair inabaki isiyozidi saa 30 kwa juma, wala saa sita kwa siku. Kama familia inasafiri, uliza tangu Novemba kama unaenda nao, na kama unaenda kwa mapumziko au kwa kazi. Kibali cha ukaazi cha Ujerumani kinakuruhusu kuingia Austria au Uswisi kwa matembezi mafupi. Kuingia Uingereza hakikuruhusu.

Usiku wa mwaka mpya ukimya hupasuka ghafla kwa fataki za mitaani. Aliyetoka Goma au Bukavu na anayeujua mlio wa risasi ana haki ya kuomba mtu akae naye ndani. Baada ya hapo huja Januari, isiyo na mishumaa wala biskuti, na asubuhi zake za mwanzo ndizo zenye giza kuliko zote. Usingizi na hamu ya kula visiporudi kwa majuma mawili, nenda kwa daktari. Bima ya afya hulipwa na familia iliyokupokea.