Mchele wa Kagongwa na diplomasia ya mali kauli

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Novemba 1999, unataka ushirikiano unaomlenga mwananchi na kuongozwa na soko. Ibara ya 127 inaahidi mazingira mazuri kwa sekta binafsi na asasi za kiraia, na tangu 2012 asasi hizo zina Jukwaa la Katibu Mkuu la kuketi na watendaji wa Jumuiya. Maazimio hutoka, uhaba wake haujapata kuripotiwa.

Kagongwa, mji wa Tanzania wa mashine za kukoboa mpunga kwenye barabara ya Isaka kwenda Kahama na hatimaye mpakani Rusumo, hufanya diplomasia ya aina nyingine. Mnunuzi kutoka Rwanda au Burundi hamjui mkulima, anamjua dalali. Dalali humtafutia mzigo, hutia mkono guniani kuangalia chenga, yaani punje zilizovunjika, kisha humkutanisha na mwenye mashine na mwenye lori. Wakishazoeana, mzigo huweza kuondoka kwa mali kauli: mchele leo, fedha ukishauzwa. Deni la namna hiyo hulindwa na jina la mtu kuliko karatasi, na wanaodaiana hupigiana simu hata wiki ambayo serikali zao hazisemezani.

Wiki hizo zipo. Mei 2013 Rais wa Tanzania wa wakati huo, Kikwete, alishauri Rwanda izungumze na waasi wa FDLR, na uhusiano ukachacha. Miezi michache baadaye Tanzania ilipandisha tozo ya barabara kwa malori ya Rwanda kutoka dola 152 hadi 500. Rwanda nayo ikajibu kwa tozo yake. Kama ushauri ule na tozo vilihusiana, hakuna aliyeona haja ya kutangaza.

Mwaka 2024 ikawa zamu ya mchele wenyewe: malori kutoka Tanzania yalizuiliwa Rwanda kwa hoja kwamba ubora haukulingana na daraja lililoandikwa kwenye magunia. Kiwango cha mchele ni kimoja Afrika Mashariki nzima, EAS 128, na chenga ni kati ya vinavyopimwa. Kiwango kikiwa kimoja, ubishi huhamia kwenye upimaji: nani kapima, kwa sampuli ipi, kabla au baada ya gunia kushonwa. Sokoni jicho la dalali hutosha. Mpakani huulizwa maabara. Suala likapanda hadi serikalini, ingawa anayetenganisha chenga ni mwendesha mashine.

Hapo ndipo asasi zingekuwa na kazi. Chama cha wakoboaji na madalali upande huu na cha waagizaji upande ule wangeweza kukubaliana sampuli mbili za kila mzigo zifungwe kwa lakiri, moja isafiri na lori, nyingine ibaki Kagongwa. Ukitokea ubishi, zote zifunguliwe. Kazi hiyo haihitaji mkutano wa kilele. Inahitaji fedha za upimaji, ambazo wafadhili wa warsha hawana mazoea ya kutoa, na chama kinachoaminiwa na wanachama wake. La pili ni gumu zaidi. Dalali aliyejijengea wateja Kigali kwa miaka hana haraka ya kuwaorodhesha chamani mbele ya madalali wenzake.